Kijiti cha Kushoto

Siku hizi wapwa wangu wana chama chao mtandaoni cha kucheza michezo ya zamani ya televisheni na kuijadili, mmoja akiwa Minnesota na mwingine Eastleigh, na wanadhani wamevumbua jambo. Nawaacha wadhani. Chama cha namna hiyo tulikifungua sisi mtaani Bulla Pesa, Isiolo, miaka ya themanini, katika sebule ya mama yangu mdogo, na sijapata kuwasimulia kwa nini nilikuwa naogopa kuingia chumba kile peke yangu.

Mchezo ulikuwa wa marehemu mwanawe. Sisi ni watu wa malori tangu babu zetu, waliokuwa askari wa Mzungu, waache bunduki zake, na yeye alikuwa dereva wa njia ya Marsabit. Aliununua Nairobi kwa mtu aliyekuwa anahama, tayari umechakaa: kisanduku kimoja, vishikio viwili vya kuzungusha vyenye nyaya ndefu, na kwenye kioo vijiti viwili vyeupe vinavyorudishiana nukta. Nairobi wakati huo walikuwa na michezo ya rangi, na jamaa zetu wa huko walitucheka. Lakini televisheni yetu Isiolo ilishika chenga tupu, kwa hiyo mchezo ule ndio kitu pekee kilichoonekana ndani yake. Tuliiwasha kwa betri ya lori.

Lori lake lilipinduka mbele ya Laisamis. Kwa sababu ya joto walimzika kule kule siku ile ile, na habari ilipotufikia kwa redio ya polisi alikuwa tayari chini ya mchanga. Mama mdogo hakuuona uso wake. Baada ya hitima ya arobaini nguo zake zilitolewa sadaka, viatu pia, lakini kisanduku alikikatalia. Akasema nyumba imekuwa kimya mno, tuje tucheze.

Ndivyo chama kilivyoanza. Tulikuwa mimi, rafiki wa marehemu aliyekuwa fundi wa redio, na mama mdogo mwenyewe, ambaye kukaa kwake pale kuliwanyamazisha wale wa kuuliza msichana kama mimi anafanya nini na fundi sebuleni. Tulikutana Jumapili baada ya Alasiri. Sharti lilikuwa moja, la fundi: mchezo ukiisha, kila mtu auzungumzie. Usicheke, tulibishana kweli kweli. Fundi alishikilia kuwa anayeisubiri nukta humshinda anayeikimbilia. Mimi nikamwambia huo ni uvivu umevaa kanzu. Mama mdogo alisikiliza, kisha akatueleza jinsi mwanawe alivyokuwa akiinama mwili mzima nukta ilipomjia, utadhani ingemgonga. Mazungumzo yetu yote yaliishia kwake.

Kishikio cha marehemu kilikuwa cha kushoto, na siku ya kwanza hakuna aliyetaka kukishika. Tukakiacha juu ya mkeka, nikacheza peke yangu upande wa kulia, nikitarajia ushindi wa bure. Kijiti cha kushoto hakikusimama. Kilitetemeka, juu chini, juu chini, kidogo tu, mfano wa mtu anayejiandaa. Nukta ikaenda, kikairudisha.

Fundi alinieleza nje, kwa sauti ya chini, kwamba ni vumbi la barabara lililoingia ndani ya kishikio. Spiriti kidogo na pamba, basi. Nilimwamini. Mimi si mtu wa majini, na wanaonijua wanaujua ulimi wangu katika mambo hayo. Hata hivyo nilianza kukiota kijiti kile, na nikiingia sebuleni kuchukua kitu nilikuwa naiangalia televisheni iliyozimwa kwa jicho la pembeni.

Mama mdogo hakuogopa. Alikiwekea kile kishikio mto. Kila Jumapili alitaka tucheze na upande ule mtupu, na uliporudisha nukta alitabasamu, akatuuliza kama tumeona. Fundi alipotaja vumbi, alimwambia asilirudie neno hilo nyumbani mwake. Maalim aliitwa, akasema kwa upole kuwa maiti harudi kucheza, anangoja dua. Mama mdogo akamshukuru, akampa chai, na Jumapili iliyofuata akaunganisha betri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Habari za mji wetu hazilali. Wakaanza kuja watu wasiotaka kucheza, wakakaa mlangoni kutazama tu. Nilikasirika. Chama kilikuwa kimegeuka kilinge, na nilimhofia mama mdogo: alikuwa amekonda, hali vizuri, hatoki, wiki nzima anaingojea Jumapili. Niliona kuwa tukimwacha hivyo tutampoteza naye.

Halafu akaja mwanamke kutoka Gotu. Mwanawe aliondoka na ng'ombe wakati wa ukame na hakurudi. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Alitoa salaam, akaketi karibu na mama mdogo, akakitazama kijiti kwa muda mrefu.

"Anakuongelesha?" akauliza.

Mama mdogo alifungua kinywa, na nilijua alichotaka kusema. Lakini yule mwanamke alikuwa ametembea jua lote kuja kuuliza, na mama mdogo hakuwa mwongo.

"Hapana," akasema. "Hakuna kitu anasema. Anatetemeka tu."

"Tangu lini?"

"Tangu afe."

"Na wewe mama yake unaangalia tu?"

Hakusema kwa lawama. Aliuliza kama mzazi anavyomuuliza mzazi mwenzake kuhusu mtoto mwenye homa. Mama mdogo aliinamisha kichwa, kisha akamgeukia fundi.

"Leta hiyo dawa yako."

Fundi alikifungua kishikio, akachovya pamba. Mama mdogo akamnyang'anya. Alisafisha mwenyewe, polepole, akianzia upande wa kulia, akaitupa pamba na kuchukua nyingine, akarudia mpaka mara tatu. Kila pamba ilitoka nyekundu kwa vumbi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba anaosha maiti. Fundi alikaza skrubu, tukawasha. Kijiti kikasimama. Nukta ikakipita.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema mama mdogo.

Tangu habari ilipofika sikuwa nimemsikia akiyatamka maneno hayo, hata siku ya hitima. Mwanamke wa Gotu alimshika mkono, wakalia pamoja.

Chama kiliendelea. Mama mdogo alijifunza kucheza, akawa anatushinda, akaanza kula. Niliyeharibika ni mimi. Nilimpenda binamu yangu yule, na nilikuwa nimekazana sana kubishana na majini hata sikupata nafasi ya kumlilia. Mama mdogo alipokwenda sokoni, mimi nisiyeamini niliwasha betri, nikakiweka kishikio chake mkekani, nikakaa nikikitazama kijiti cha kushoto, nikikiomba kisogee kidogo tu. Hakikusogea.