Kichaka cha Bibi na Harusi ya Guta

Juzi nilisimama kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara, hapa Musoma mjini. Nilikuwa natafuta kitu cha kupanda mbele ya duka langu la vitambaa, maana jua la mchana siku hizi linaingia mpaka ndani na kupausha rangi za kanga. Kijana alinionyesha ashoki, akanionyesha bogonvilia za kila rangi, akanionyesha na mpapai ambao sikuuomba. Nikamuuliza kama ana kichaka fulani ninachokijua mimi: hakizidi kifua cha mtu mzima, majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na ua lake leo ni jeupe, kesho ni la njano. Ukipita karibu yake jioni, nikamwambia, unageuka kutafuta nani amejipulizia manukato. Alinisikiliza kwa heshima zote, akapekua simu yake, halafu akasema, "Mama, hicho hata kwenye simu hakipo. Chukua bogonvilia, hii haifagi."

Nikachukua bogonvilia. Ila tangu siku hiyo kile kichaka hakinitoki kichwani, na kwa kuwa dukani wateja ni wa kuhesabu, acha nikusimulie wewe.

Kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa Butiama, uani kwa babu, kati ya jiko na zizi la ng'ombe. Bibi alikuja nacho alipoolewa. Kwao ni Kibara, watu wa ziwa, wanaovua na kulima mihogo, na huko kilikuwa kinaota kwenye nyufa za miamba ya ufukweni, tena sehemu chache sana. Jina lake la kwao alilitaja mara mojamoja, na leo kila mtu katika ukoo wetu analitamka kivyake, kwa hiyo nimeamua kuliacha. Aliwahi kupita bwana mmoja wa misitu, akakizunguka, akachuma jani, akasema ni ndugu wa kahawa na kwamba hajawahi kukiona mahali pengine. Babu akamuuliza kama ng'ombe wanakila. Akajibiwa hapana, na mazungumzo ya kichaka yakaishia hapo.

Babu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfugaji tu, na mmea usioliwa na mtu wala mnyama aliuhesabu kama mgeni aliyesahau kuondoka. Alikiita hivyo hivyo, "mgeni wa bibi yenu." Bibi aliendelea kukihudumia kwa namna ambayo sisi wajukuu, tuliokuwa tunalelewa pale wakati wazazi wetu wanahangaika na maisha mjini, tuliiona ni ya kawaida kabisa kwa sababu hatukujua nyingine. Kazi zetu za asubuhi zilikuwa kufagia uwanja, kusomba maji, kuanika michembe ya viazi juu ya jiwe na kuwafukuza kuku wasiidonoe. Kisha kichaka. Maji tuliyooshea dagaa hayakumwagwa hovyo, yalikuwa ya kichaka. Majivu ya jikoni yalichekechwa, yakapakwa kwenye shina wadudu weupe walipotokea. Na mtu yeyote wa nyumbani aliyekwenda Musoma, awe amekwenda hospitali au kuuza mbuzi, alipewa kidumu arudi na maji ya ziwa. Bibi alikuwa na hakika kwamba kichaka kinakumbuka ziwa. Baba yangu alisoma kilimo shuleni, akajaribu siku moja kumweleza kwamba mmea hauna kumbukumbu, na bibi akampa kidumu.

Kazi yenyewe hasa ya kichaka kile, usipoijua, hadithi hii haina maana. Kwa desturi ya huku kwetu mama mkwe haendi kukaa nyumbani kwa mkwe wake wa kiume. Ukimwoza binti yako, yeye atakuja kwako kukusalimu, lakini wewe kwenda kulala kwake na kula kwake ni aibu kubwa. Kwa hiyo kwao bibi, binti akiolewa, mama anampa mche wa kichaka. Binti anakwenda na mche, anaupanda karibu na jiko lake, na jioni ua likifunguka harufu inakuwa ile ile ya nyumbani. Mama hawezi kwenda, basi kinakwenda kichaka.

Shida ni kwamba mbegu zake hazioti. Njia iliyopo ni moja: unainamisha tawi la chini likiwa bado kwenye mama yake, unalichubua kidogo ganda, unalifukia, na juu unaweka jiwe lisiinuke. Unasubiri mpaka litoe mizizi yake lenyewe, ndipo unalikata. Linaweza kuchukua msimu mzima wa mvua, au zaidi. Bibi alikuwa ameshafanya hivyo kwa shangazi zangu wawili wakubwa. Wa kwanza aliolewa Bunda, na mche wake uliliwa na mbuzi, ambao bila shaka hawakusikia maoni ya bwana misitu. Wa pili mume wake alihamia kisiwani Rukuba kuvua, mche wakawaachia wapangaji, nao wakaufyeka wakapanda mchicha. Akabaki shangazi mdogo, kitinda mimba, aliyekuwa akitusuka nywele na kutuimbisha nyimbo za kwaya wakati wa kupukuchua mahindi. Mche wake ndio ulikuwa wa mwisho, maana tawi la chini la kufukia lilikuwa limebaki moja tu. Bibi alilisema hilo kila mtu akalisikia: huu ukifa, hakuna mwingine.

Posa ya shangazi ilitoka Guta, kwa watu wa heshima, wafugaji kama babu, na wakaelewana naye siku hiyo hiyo. Ng'ombe wa mahari wakaletwa. Bibi akainamisha tawi, akalifukia, akaweka jiwe, akasema harusi ifanyike likishika. Hakuna aliyempinga. Mvua za vuli zikapita, zikapita na za masika. Kila Jumamosi jioni alikwenda kuchuchumaa pale, akaingiza vidole pembeni ya jiwe, akanusa udongo, akasimama. "Bado," alisema. Kulinyanyua jiwe lile hakuruhusiwa mtu mwingine yeyote.

Ikawa inachekesha, kisha ikaacha kuchekesha. Mshenga wa Guta, mzee mwenye baiskeli na kofia ya sufu, alikuja mara nyingi mpaka mbwa wetu wakaacha kumbwekea. Babu aliona haya hata kumtazama usoni, maana ng'ombe wa wenyewe walikuwa zizini kwake, na mmoja alikuwa ameshazaa.

"Mama, watu wanasemaga tumekula mali ya watu na binti hatutoi," babu alimwambia bibi siku moja tukiwa tunakula.

"Waambie tawi bado."

"Nitamwambia mkwe wangu nini? Kwamba tunasubiri mti?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, anatenganisha mwiba wa sato kwa ajili ya mdogo wangu. Hakuinua kichwa. Alikuwa na nguo zake zimeshakunjwa ndani ya sanduku la bati, na mara nyingine nilimkuta amelifungua anazikunja upya.

Babu akamwambia mshenga hivyo hivyo. Sasa fikiria, umewaambia wafugaji kwamba kuna mmea umechelewa kukua. Watafanya nini? Walifanya jambo la upendo kabisa. Asubuhi moja bibi akiwa kanisani kwenye kikundi cha akina mama, ulifika mkokoteni wa ng'ombe kutoka Guta, umejaa mbolea ya zizini mpaka inamwagika, mbichi, bado inatoa mvuke. Walikuja vijana wa upande wa bwana harusi, wamevaa mashati safi, wakiimba. Shangazi alikimbilia jikoni kujificha, maana mchumba haonekani mbele ya wakwe. Babu aliwapokea kwa furaha, akawaonyesha lilipo lile jiwe, na wao wakaishusha mbolea yote pale. Walilifunika tawi, wakalifunika jiwe, wakafunika na nusu ya kichaka chenyewe. Kwa mahindi yao huwa wanaiacha mbolea ikauke kwanza, lakini hii ilikuwa zawadi, na zawadi huwezi kuileta imechakaa. Wakapewa togwa, wakasifiwa, kila mtu akawa na moyo mweupe.

Bibi alirudi akawakuta bado wapo. Nilikuwa karibu naye, nikaona mkono wake umekaza kitabu cha nyimbo. Wakwe hawafokewi. Akawasalimia mmoja mmoja, akawashukuru, akasema hajawahi kuona mbolea nzuri kama ile. Akawasindikiza mpaka barabarani. Mkokoteni ulipopotea kwenye kona, alirudi mbio, mtu mzima yule, akapiga magoti kwenye samadi na nguo zake za kanisani, akaanza kuikomba kwa mikono. Tukamsaidia sote. Ilikuwa ya moto, ungeingiza mkono ukautoa haraka. Mchana mvua ikanyesha, ikaipeleka ile iliyobaki chini kabisa kwenye mizizi.

Majani ya tawi yalianza kuwa meusi kwenye kingo. Baadaye yakajikunja, yakadondoka. Upande mzima wa kichaka ulioelekea zizini ukakauka, na ganda likawa linabanduka ukiligusa. Bibi alikuwa anapita pale bila kuangalia. Mwishowe babu, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona ana huruma na ule mmea, alisema bora tawi litolewe lisiozeshe lililobaki. Akaliondoa jiwe mwenyewe, akachimba kwa jembe dogo, akavuta.

Halikutoka kirahisi. Alilazimika kuvuta kwa mikono miwili, na lilipotoka lilitoka na mizizi. Haikuwa mizizi michanga. Ilikuwa minene kama vidole, ya kahawia, imejisokota na kushuka chini sana, mizizi ya mmea ulioshika zamani, pengine tangu mvua za kwanza. Ungekatwa wakati ule, ungekuwa Guta unatoa maua.

Tulikuwa tumesimama uani: babu na lile tawi mkononi, shangazi, mimi na mdogo wangu. Bibi alikuwa kwenye mlango wa jiko. Babu alitazama mizizi, akamtazama bibi. Ni shangazi aliyesema.

"Mama, lilikuwaga limeshashika."

Bibi alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji.

"Nilijua," alisema, akarudi ndani kugeuza ugali.

Hakuna aliyelizungumza tena. Harusi ilifungwa mara baada ya hapo, ikawa nzuri, na mwali akaenda Guta na sanduku lake la bati, vyungu, na jogoo. Mche haukuwepo. Mimi nililia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisuka, na nilivyokuwa mtoto niliona hiyo ndiyo hasara yote.

Kichaka kiliendelea kuishi kwa upande wake mmoja, kikitoa maua machache, mpaka mwaka mmoja wa ukame kikaacha. Bibi alifariki baada ya hapo, na babu akamfuata. Pale palipokuwa na jiko sasa kuna vyumba vya kupangisha na uwanja wa saruji. Nilipokwenda Kibara kwenye msiba wa upande wa bibi niliomba nionyeshwe ile miamba, nikakuta imepasuliwa kwa ajili ya kokoto, na wanawake wamekaa chini ya turubai wanagonga mawe. Nikawaeleza jinsi kichaka kilivyokuwa. Mmoja alisema labda mama yake angekijua, lakini mama yake hayupo.

Shangazi yupo, ni bibi sasa. Sikukuu iliyopita nilimtembelea Guta, tukakaa nyuma ya nyumba tunachambua mchele, nikapata ujasiri wa kumuuliza kama alimkasirikia mama yake kwa lile tawi. Alipepeta kidogo, akapuliza makapi.

"Nilikasirika sana," alisema. "Nililia njia nzima mpaka Bunda, wakadhani naogopa ndoa. Wala sikulilia mti. Angeniambia tu kwamba hataki niondoke, mwanangu, ningekaa hata bila tawi."

Nilimwamini, na iliniuma kuliko nilivyotarajia. Bibi hakuwa na maneno hayo. Kwao mama hayasemi kwa binti anayeolewa. Alichokuwa nacho ni neno moja, "bado," na alilisema kila Jumamosi jioni mpaka tukalichoka.