Nyaya Tatu Zilizotoka Nyumbani Kwetu

Kuna harufu moja ninayoitambua hata usingizini: harufu ya plastiki iliyoanza kupata moto ndani ya ukuta. Bado si moshi. Ni kitu kati ya ngozi mbichi na sukari iliyoshika chini ya sufuria. Mwezi uliopita nilitoka zamu ya hospitali hapa Kasulu, miguu imevimba, nikafungua mlango wa nyumba niliyopanga, na harufu hiyo ikanipokea kabla sijavua viatu. Nilizima swichi kubwa, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Sikuwa na nguvu hata za kumpigia fundi. Nilikaa tu, nikajikuta niko Kibondo, nina miaka kumi na moja.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu pembeni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Nyumba aliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kufunga nyaya miaka mingi nyuma, akafa akingoja umeme. Umeme wa mashine za dizeli ulipowashwa mjini, sisi tukawa wa kwanza mtaani kupata taa. Sanduku la fyuzi lilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Lilikuwa la chuma, la kijivu, na ndani yake fyuzi nne nyeupe za kauri zilizojipanga kama meno ya ng'ombe. Mimi nililiogopa na kulipenda. Siku za joto lilivuma kidogo, kama nyuki aliye mbali.

Ukishakuwa wa kwanza, ndugu zangu, mnajua kinachofuata. Hazikupita wiki mbili, waya wa kwanza ukatoka dirishani kwetu kwenda kwa Mama Yolanda, jirani tuliyepakana naye ua kwa ua. Alikuwa mjane, ameletwa kutoka Burundi akiwa binti mdogo, uraia wa hapa akaupatia ukubwani, na riziki yake ilikuwa kuwapigia pasi nguo watu wa maofisini. Waya wa pili ulivuka njia kwenda kwa Mzee Gwasa, aliyetengeneza redio na kuchaji simu za watu. Wa tatu ulipita juu ya migomba hadi kwenye kanisa letu dogo, kwa ajili ya kinanda na spika. Baba hakuomba ruhusa kwa yeyote. Aliombwa, akasema, "Hakuna tabu."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu ya aibu. Mama Yolanda akiwa anawahi kumalizia shati la mtu, Mzee Gwasa amefungulia redio, kwaya nayo ikaanza pambio la kwanza na kinanda, tap! Kimya. Waumini wote waligeuka kumtazama Baba. Naye aliinuka kwenye benchi na suti yake ya kahawia, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu, na tukishatoka nje ya macho ya watu alikimbia. Mimi nilimfuata kumshikia kiti. Alichomoa fyuzi iliyokatika, akaweka uzi mmoja mpya wa waya, tukarudi tukitweta. Mchungaji alitungoja tuketi ndipo aendelee.

Baadaye Baba alichoka kukimbia. Akaanza kuweka nyuzi mbili badala ya moja. Kisha tatu. Ilipofika masika, ndani ya zile fyuzi kulikuwa na waya mnene kama njiti ya kiberiti, na Baba akasema kwa furaha ya mtu aliyepata suluhisho, "Sasa haitakatika tena."

Kweli haikukatika. Mama alilitazama lile sanduku, akasema neno alilozoea kusema kila ndugu wa Baba alipoleta shida yake kwetu: "Baba Editha, kubeba ni kuzuri, lakini mgongo ni mmoja." Nakumbuka uso wake wa siku zile, kijivu, macho yameingia ndani. Alifundisha asubuhi, mchana akalima, jioni akasuluhisha ugomvi wa watu, na katikati ya hayo mtu alibisha hodi kusema umeme kwake unapepesa. Sikumwona hata siku moja ameketi bila kitu mikononi.

Ilitokea Jumamosi ya kiangazi. Baba alikuwa amekwenda Heru Juu, kwao, kusaidia kuvuna mihogo. Mama alikuwa barazani anachagua maharage, mimi nasugua sufuria kwa mchanga uani. Nikasikia mlio kama wa bisi, kisha ile harufu, kisha moshi mweusi ukatoka mlango wa sebule. Nilikimbia ndani na ndoo ya maji. Pazia lilikuwa limeshika moto na sanduku lenyewe lilikuwa linatema cheche. Nikainua ndoo.

"Siyo maji, Editha! Siyo maji!"

Mama alinisukuma kwa bega, nikaanguka, maji yote yakanimwagikia. Akachukua mwiko wa ugali, ule mrefu, akanyoosha mkono ndani ya moshi, akaugonga mkono wa swichi kubwa ukashuka. Kisha akakimbilia uani, akarudi na mchanga wangu wa sufuria kwenye ungo, akarusha, akarudi tena, akarusha tena, mpaka moto ukakubali. Ukuta ulikuwa mweusi hadi darini. Mama hakuwa na nyusi. Alikaa chini kwenye tope karibu yangu, akacheka sana, halafu kicheko kikakatika, akanishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Baba alirudi kesho yake kwa bodaboda, na kiroba cha mihogo. Aliutazama ukuta. Aliutazama uso wa Mama usio na nyusi. Aliweka kiroba chini, akageuka, akaenda kumtafuta fundi.

Fundi Butoyi alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, Kiswahili chake kimejaa lafudhi ya Kiha. Alilifungua sanduku kwa bisibisi, akachomoa fyuzi moja, akaona ile njiti, akamtazama Baba kama Baba alivyowatazama wanafunzi watoro.

"Mwalimu, hili siyo sanduku. Hili ni jeneza."

Akaeleza. Angelitoa lote, afunge jipya lenye swichi ndogondogo zinazojizima zenyewe mzigo ukizidi, abadilishe na nyaya za ukutani zilizobabuka. Lakini litabeba nyumba yetu tu. Zile nyaya tatu zisirudi.

"Hata moja?" Baba aliuliza.

"Hata moja. Na mimi sikati waya wa mtu kabla hajaambiwa. Kawaambie kwanza, ndipo uniite."

Kumbe kazi ngumu ilikuwa hiyo. Kwa mchungaji ilikuwa rahisi. Alisema ngoma zipo na Mungu anazisikia. Kwa Mzee Gwasa ilikuwa mbaya. Alikuwa ameshika redio iliyopasuliwa tumbo, akaiweka mezani, akauliza, "Yaani umetuchoka, Mwalimu?" Mzee Gwasa hakumsalimia tena kwa mwaka mzima.

Akabaki Mama Yolanda. Tulikwenda kwake mara tatu, Baba na mimi, na ni hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwetu. Sijui kwa nini alinichukua. Mara ya kwanza waliongea juu ya maharage na mvua, tukarudi. Mara ya pili waliongea juu ya mguu wa Mama Yolanda uliokuwa unamsumbua, Baba akasema atamtafutia dawa, tukarudi. Nyumba yetu haikuwa na umeme kwa siku ya sita sasa, Fundi Butoyi anangoja, na mimi nilikuwa nimechoka kusoma kwa kibatari na kuona Baba anakwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mara ya tatu Mama Yolanda alitukaribisha kama kawaida, "Amahoro, Mwalimu, ketini." Meza yake ya kupigia pasi ilikuwa imefunikwa kitambaa safi, haina kazi. Baba aliketi ukingoni mwa kigoda. Akauliza habari za mguu. Akauliza habari za kuku. Akarudi tena kwenye mguu. Sikuvumilia zaidi.

"Baba amekuja kusema umeme wako hautarudi," nikasema. "Fundi amekataa. Tukikurudishia, nyumba yetu itaungua."

Baba aliinamisha kichwa. Nilingoja kofi, halikuja. Mama Yolanda alinitazama muda mrefu, na sikuona hasira kwenye macho yale. Aliniangalia kama mtu anayepima mtoto amerefuka kiasi gani. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwa mguu wake mbovu, akatoka na pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye mdomo wa jogoo, imepakwa mafuta isishike kutu.

"Mwalimu," alisema, "tangu siku ile ya moshi nilishaitoa hii sandukuni. Ni wewe nilikuwa nangoja. Ningekuja mimi kukwambia ukate waya, ungesema hakuna tabu."

Akanivuta kichwa changu kifuani kwake. "Mwana wanje," alisema, mwanangu, kwa lugha ya kwao. Alinukia sabuni na mkaa.

Tulipotoka, Baba hakufika nyumbani. Hatua ishirini zilimshinda. Aliketi kwenye kizingiti cha ua, mchana kweupe, watu wanapita, akalala usingizi pale pale, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni haina kitu. Nilidhani anaumwa, nikaenda kumwita Mama. Mama alimtazama, akasema, "Mwache." Akaleta kanga akamfunika miguu, akaketi kando yake kufukuza nzi.

Fundi Butoyi alifunga sanduku jipya siku mbili baadaye. Lilikuwa jeupe, dogo, halivumi. Mama alipochomeka pasi na jiko kwa pamoja swichi moja ilijizima yenyewe, tak, na hakuna aliyekimbia.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha woga wa Baba na ushujaa wangu. Niliwachekesha wenzangu chuoni nacho: baba mzima ameshindwa kusema sentensi moja, mtoto kaisema. Nilikisimulia hivyo hadi mwaka niliojifungua, maziwa yangu yakakataa kutoka siku nne, nami nikalia kitandani kwamba mimi si mama. Mama yangu alikuwa amekuja Kasulu kuniuguza. Alikuwa anakunja nepi. Akasema bila kuinua kichwa kwamba hata yeye yalimkatika. Alilazwa mwezi mzima nilipozaliwa, hajitambui, na Baba alikuwa mgeni Kibondo, amehamishiwa shule ya pale, hana ndugu hata mmoja mjini. Mama Yolanda alikuwa na mtoto wake mchanga, Yolanda mwenyewe, ambaye baadaye homa ilimchukua. Kila asubuhi kabla ya kwenda darasani Baba alinipeleka ng'ambo ya ua nikanyonye.

"Kwani hukujua?" Mama aliuliza.

Sikujua. Mle ndani kwa Mama Yolanda siku ile tulikuwa watatu, na wawili walijua.