Lafudhi ya Mwenye Nyumba ya Wageni

Hadi leo, karatasi ikitoka kwenye mashine ya fotokopi bado ina joto, harufu yake hunirudisha Fort Worth, Marekani, kwenye ukumbi tuliokodi kwa ibada ya Kiswahili, nikiwa na miaka tisa, siku Anti Stella aliponigawia sehemu yangu katika mchezo wa Krismasi.

Anti Stella, mwalimu wetu wa Sunday school, alikuwa Mtanzania mwenye moyo mkunjufu na kalamu isiyo na breki. Mchezo aliutunga mwenyewe. Mariamu, Yusufu na malaika wote waliongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Punda naye angepewa mdomo angekiongea hichohicho. Mmoja tu aliandikiwa lafudhi: mwenye nyumba ya wageni, yule anayewafukuza. Huyo alikuwa Mkongo, na Mkongo wa kumwigiza nilikuwa mimi.

"Hapa bakitanda bamejaa, bamlango bamefungwa, bonzhuu!" Ndivyo mstari wangu ulivyoandikwa, na salamu ya Kifaransa iliyopindwa mwishoni.

"Mwacha mila ni mtumwa, mwanangu," Anti alinihimiza. "Ongea kikwenu, watu wafurahi."

Kwenye mazoezi walifurahi mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, lakini moyoni niliogopa sana. Jumapili mama yangu angekaa mbele kabisa, na ukumbi mzima ungemcheka yeye kupitia mdomo wangu.

Jumamosi, akinisuka, mama aliniambia nimsomee. Nikasoma. Vidole vyake vikasimama kichwani.

"Ni mutu wa wapi huyu? Kwetu hakuna mutu anasemaka vile."

"It's just a joke, Mama," nikamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yangu.

Alisuka mistari miwili, akivuta nywele hadi machozi yakanilenga. Kisha akanipa maneno mengine kwa sauti ya chini, nikayarudia mpaka yakakaa: "Dada, hakuna place humu. Batoto balishalala. Enda tu, Mungu atakusaidia."

"Na Mariamu, usimuangalie kwa uso," akaongeza.

Jumapili Mariamu alibisha hodi, mto wa kulalia umejaa chini ya gauni lake kama mimba. Watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Niliyasema maneno ya mama polepole, nikitazama sakafu. Kicheko kikakatika. Huko nyuma mzee mmoja wa Uvira, kwetu Kongo, aliinuka, akatoka nje. Anti Stella alibaki ameshika karatasi yake. Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

Baadaye nilianza kuandika hadithi, na kila nilipohangaika na matamshi ya watu wangu nilijivunia siku ile mama alipoitetea lugha yetu. Tulikuwa tumekimbia vita, kwa hiyo niliamini kuna mlango aliwahi kufungiwa. Juzi, mtu mzima mwenye mvi zangu mbili tatu, nilimwuliza mama ni nani aliyemwambia maneno yale.

Aliendelea kukunja nguo. "Hakuna mutu aliniambia. Ni miye njo nilisema, ku mulango yetu, wakati ya vita. Mutoto mwenye alikuwa analala, ni weye."

Ndipo nikaelewa kwa nini alinikataza kumtazama Mariamu usoni.