Tuta Lisilo na Mtu

Mmeniomba niseme nilivyopona. Nitasema, ila mtanivumilia kwanza niseme nilivyougua, maana wengi wetu tukisimama hapa kushuhudia tunaruka hapo na kukimbilia shukrani.

Zamani nilikuwa na nguvu zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi Keza na mama yangu, natwisha mkungu wa ndizi kichwani hadi gulioni bila kupumzika, na mdomo wangu haukupumzika vilevile. Mama alijulikana kwa matuta ya viazi vitamu. Tuta lake ungelitambua kwa mbali: refu, limenyooka, udongo umepigwapigwa kwa mgongo wa jembe, marando ya kupandia yote yamelazwa upande mmoja. Watu walimwita awalimie.

Ndiyo ile miaka wakimbizi walipojaa vilima vya Ngara. Kuni zikaisha, maji yakachafuka, watu wakawa wanakufa kwa kuhara. Akatokea mhubiri mmoja tuliyemwita Mtumishi. Alisema dunia inafungwa, tusile mahindi ya msaada, tusichanjwe, tusikanyage hospitali. Ndugu za mama walikuwa wameuawa ng'ambo ya mpaka, naye hakuwa na pa kuupeleka uchungu huo, akampelekea Mtumishi. Mimi nilimfuata mama. Tukaingia msituni upande wa Biharamulo, kupita Nyamigogo, watu kama arobaini, tukajenga vibanda vya nyasi.

Mwanzoni tulifunga siku tatu kwa wiki. Kisha tano. Mwishowe Mtumishi akasema hakuna kufungua bila kibali chake. Yeye hakukonda. Niliona, nikanyamaza.

Hedhi yangu ilikatika. Nywele ziligeuka rangi ya kutu, nikizishika zinabaki mkononi. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Fizi zikatoa damu, na jua likizama nilikuwa sioni kitu. Kisha njaa yenyewe ikaondoka. Nilidhani nimebarikiwa, kumbe mwili ulikuwa unakata tamaa.

Watu wakaanza kupungua. Ukiuliza, Mtumishi anajibu, "Ametangulia mlimani kuomba." Wakati huohuo shamba la viazi lilikuwa linaongezeka. Mama alilima peke yake kila alfajiri, na wengine tulikatazwa kusogea. Nilijivuna. Nilisema moyoni, mama anatuandalia chakula cha siku ya kufungua.

Asubuhi moja njaa ilinirudia kwa kishindo. Nikajikokota hadi kwenye tuta ambalo marando yake yalikuwa yametambaa, nikafukua kwa vidole. Nilikuwa natafuta kiazi. Nikashika kitenge. Nilikijua, kilikuwa cha Yustina, jirani yangu wa kibanda cha pili, ambaye tuliambiwa yuko mlimani. Nilifukua zaidi kidogo, nikamwona. Nikarudishia udongo. Nikaondoka kwa miguu na mikono kama mtoto anayetambaa. Sikwenda kumuaga mama, na hilo nalisema wazi.

Mrina asali mmoja, Mzee Bukuru, alinikuta njiani.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia, adabu ilikuwa bado ipo.

"Marahaba. Wewe ni mtu, au ni nini?"

Alinifunga kwenye baiskeli kwa kamba yake ya mizinga, akanisukuma hadi hospitali. Daktari aliponiona aliwaambia manesi, "Huyu msimpe ugali. Mkimshibisha leo, kesho tunamzika." Nikawa napewa maziwa kwa kijiko, kidogokidogo. Nilitapika, niliharisha kitandani, moyo ulikuwa unapiga hovyo. Nesi mmoja aliyeninyang'anya ndizi nilimtukana matusi ambayo siyarudii hapa. Yeye akanibadilishia shuka.

Siku ileile niliyofikishwa akaja mpelelezi wa polisi, akaketi karibu na kitanda.

"Dada, huko ulikotoka wamebaki wengine?"

"Nilipotea porini peke yangu."

"Na udongo huo kwenye kucha?"

"Nilikuwa nachimba viazi."

"Kwenye shamba la nani?"

Nikageukia ukutani. Ningesema, wangeuliza nani anawafukia watu na kuwapandia marando juu, na jibu lilikuwa mama. Alikuja siku tatu, na siku tatu nilimdanganya.

Jioni ya siku ya tatu daktari alisimama mbele yangu. "Mtu aliyefika pale ulipokuwa umefika ana siku chache tu," alisema. "Kama una mtu wako kule, sikuulizi jina lake. Nakwambia tu mwili unavyokwenda."

Nikaomba mpelelezi aitwe. "Matuta ni ya mama yangu," nilimwambia. "Lakini yuko hai. Mtoeni kwanza, mumfunge baadaye."

Mzee Bukuru aliwaongoza askari. Waliwakuta watu kumi na saba wanapumua, mama akiwa mmojawapo. Chini ya kitanda cha Mtumishi walikuta gunia la mahindi ya msaada. Wawili kati ya wale kumi na saba walifia garini. Siku zangu tatu za kunyamaza zimo humo, nami sijui nitajibu nini siku nitakapoulizwa.

Nilipoweza kutembea, polisi walitupeleka shambani, mimi na mama. Mama alikuwa na pingu. Akapita tuta kwa tuta akitaja jina la aliyemo, na askari akiandika. Walipofukua, hakukosea hata jina moja. Tukafika kwenye tuta la mwisho, refu na limenyooka, marando yake hayajaanza kutambaa. Mama hakutaja jina.

"Na hili, mama?" mpelelezi aliuliza.

"Hilo halina mtu."

"Sasa ulilima la nini?"

Mama alinitazama. "Mtumishi aliniambia mwanangu ametangulia. Mwili sikupewa. Nikaona hata hivyo asikose tuta."

Mtumishi alifungwa. Mama naye alifungwa, akatumikia miaka yake, akarudi Keza kwangu. Hajashika jembe tena, na sijamuuliza.

Namshukuru Mungu, na simshukuru kwa mdomo tu. Namshukuru Mzee Bukuru na kamba yake, daktari yule, na nesi niliyemtukana. Nanyi mnaonisikiliza, mtu akiwaambia mfunge, muulizeni mtafungua lini. Akikosa jibu, ondokeni siku hiyohiyo, na msimwache mama nyuma.

Viazi ninalima mwenyewe siku hizi. Nalima sesa, ardhi tambarare, bila tuta hata moja. Majirani wananicheka kwamba binti wa mama yule hajui kulima, na kweli havizai sana. Ila jioni nachemsha sufuria moja, naiweka kati yetu, na mama hali mpaka anione mimi nimemeza kwanza.