Neptuni kwenye Ukuta wa Shemeji

Mume wangu huandika mabango ya maduka, na huanza na herufi ya mwisho. Watu hudhani ana wazimu. Anapanda ngazi, anapiga chaki kutoka kulia kwenda kushoto, na mteja akimuuliza humjibu, "Ukuta hauna nyongeza, ndugu yangu. Neno likikosa nafasi, aibu ni yangu."

Aibu hiyo ilimpata mara moja tu, kabla hajaanza mtindo huu. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alifungua karakana, na mume wangu akamwandikia bango la zawadi: MAGETI NA MADIRISHA. Ukuta uliisha kabla ya neno, herufi za mwisho zikabanwa pembeni, ndogo kama za gazeti. Shemeji alicheka mbele ya wateja mpaka akashika mbavu. Mume wangu akashuka ngazi akaondoka, na tangu siku hiyo hawasemezani. Nasema wazi, ni upuuzi mtupu, na wote wawili wameulea kama mtoto.

Mama mkwe anakaa kwa shemeji. Sisi tuko mkabala na geti la shule, wao wako mwisho wa barabara hiyo hiyo. Kila Jumapili mama alikuwa akija na mkongojo wake, anakula na mwanawe mkubwa, kisha anarudi. Mwaka huu miguu imegoma, hatoki tena kitini. Mume wangu naye haendi. Jumapili anatazama mlango, anakula, anaondoka mezani. Niliogopa sana kwamba mama atatutoka kabla kichwa kimoja hakijainama.

Ndipo mwalimu wa sayansi alipomletea kazi. Alitaka jua na sayari zake kwenye kuta za barabara yetu, kwa kipimo kimoja, ukubwa na umbali. Jua lingekuwa ile sahani ya chuma iliyo katikati ya geti.

"Basi dunia itakuwa kubwa kiasi gani?" mume wangu akauliza.

"Milimita mbili," mwalimu akasema. "Utaiweka mita ishirini na nne kutoka getini. Mwezi utakuwa kando yake, sentimita sita tu, na huko ndiko mbali kuliko kote alikowahi kufika binadamu. Safari nyingine zote mlizowahi kusikia zimo ndani ya hiyo nukta."

"Eti!" nikasema. "Na mimi ninavyolalamika sokoni ni mbali."

Kwa desturi yake, mume wangu hakufungua kopo la rangi kabla hajajua mwisho uko wapi. Tukatoka na futi kamba, mimi nimeshika ncha. Mirihi ikabaki kwenye ua wa shule. Mshtarii ikaangukia kwa kinyozi, Zohali kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Tuliendelea kuvuta kamba hadi jasho likanitoka. Kufika karibu na mita mia saba, mume wangu akainua macho, akaona sayari ya mwisho inaangukia kwenye karakana ya mdogo wake. Akakunja kamba.

Alirudi kwa mwalimu. "Tupunguze jua kidogo."

"Ukilipunguza, dunia haitaonekana. Watoto wataangalia ukuta mtupu."

"Basi hiyo ya mwisho tuiache."

"Fundi," mwalimu akasema, "sayari ni nane. Nikiwafundisha saba watanicheka."

Nyumbani akaniambia kazi ameiacha. Hapo nikashindwa kujizuia. "Mama yako yuko nyuma ya ukuta ule! Miguu yake imekufa, yako mizima. Unangoja nini, jeneza lipite mbele ya geti letu ndiyo ujue njia?"

Asubuhi akachukua kopo la buluu na brashi nyembamba kuliko zote, nami nikamfuata na kamba.

Shemeji alizima mashine, akainua kinyago chake cha kuchomelea. Wakatazamana.

"Kaka?"

"Nahitaji ukuta wako," mume wangu akasema, macho kwenye brashi. "Sehemu ya punje ya mahindi tu."

"Chukua wote," shemeji akasema.

"Nani huyo?" Sauti ya mama mkwe ilitoka ndani. Shemeji akaingia, akamleta na kiti chake, akamweka kivulini karibu na ukuta. Mama alimtazama mwanawe mkubwa. Na yule akaanza kumweleza habari za kazi, haraka haraka.

"Mama, jua liko kule kwenye geti la shule, mkabala na kwetu. Hapa ndipo ilipo sayari ya mwisho, Neptuni. Ni mbali mno, mama. Mwanga wenyewe wa jua, pamoja na mbio zake zote, unachukua saa nne kuifikia. Na baada ya hapa ni giza tu. Nyota ya jirani, kwa kipimo hiki, iko kilomita elfu sita na zaidi, ng'ambo ya nchi nyingi."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua ni mbali, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakuja kwa miguu."

Mume wangu akakaa chini palepale, kwenye vumbi la chuma, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, akalia. Neptuni ilibidi niichore mimi.