Chujio la Deus

Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, sisi tuliokulia Mkolani tulibahatika kuishi bila wataalamu. Hapakuwa na makundi ya akina mama kwenye simu, kwa kuwa simu tuliyoijua ilikuwa moja, ofisini kwa baba, nayo ilifungwa kufuli. Hapakuwa na mtu wa kutufundisha kwa video namna ya kuponda boga. Jinsi tulivyoweza kuota meno na kufika darasa la kwanza ni jambo ambalo vijana wa leo wangepaswa kulifanyia utafiti, wakipata nafasi kati ya kupiga picha bakuli hili na lile.

Nakumbuka maduka ya mjini yalivyojaa kwa ghafla. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, mara tukaona chupa za chai zenye maua, ndala za kila rangi, na vyakula vya watoto vya makopo vyenye picha ya mtoto wa kizungu aliyenona mashavu. Kilichoadimika ni kazi tu. Shirika alilofanyia kazi baba lilikuwa linabinafsishwa, hivyo kila asubuhi alivaa tai yake na kwenda kazini kuuliza kama bado ana kazi.

Katikati ya neema hiyo akazaliwa mdogo wangu Deus. Kabla yake alikuwepo Kabula. Kabula alinyonya vizuri, akanenepa, akaanzishiwa chakula, na hapo hapo akashikwa na kuhara kulikommaliza kabla baba hajapata gari la kumpeleka hospitali. Mama hakulia mbele yetu. Lakini Deus alipoanza kukaa mwenyewe na kukodolea macho sahani zetu, tuliona wazi jinsi mama alivyokiogopa kila kijiko.

Nesi wa kliniki alimweleza mara moja tu, tena kwa haraka, naye akashika kila neno. Maji ya bomba letu, ambayo yalitoka na rangi ya chai hata kabla hayajawekewa majani, yalichujwa kwa kitambaa na kuchemshwa mpaka yatokote kweli kweli. Bakuli na kijiko cha mtoto vilimwagiwa maji ya moto. Mikono ilinawiwa kwa sabuni, mimi nikimmiminia mama kwa kopo. Boga lilioshwa na maganda yake kabla halijaguswa na kisu, likamenywa, likapikwa kwa maji kidogo sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka likalainika kabisa. Chumvi hakuna, sukari hakuna. Kisha likapondwa na kupitishwa kwenye chujio la chai, mama akilisukuma kwa mgongo wa kijiko, likatokea upande wa pili laini, bila uzi hata mmoja. Liliachwa lipoe lenyewe. Ukilipuliza kwa mdomo ulifukuzwa jikoni. Alianza na boga peke yake, zikafuata karoti, halafu viazi vitamu, kimoja kimoja, ili tumbo likichafuka mkosaji ajulikane. Kilichobaki hakikuwekwa akiba. Tulikila sisi, ndiyo maana siku ambazo Deus alinuna tulimpenda zaidi.

Tatizo likawa chujio. Tulikuwa nalo moja, la chuma, ambalo mama alikuja nalo alipoolewa. Alilichemsha, akalifunga kitambaa cheupe, akalitundika kwenye msumari na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni la mtoto. Chai yetu ikawa na majani. Baba, mtu wa tai, alikuwa akitema majani pembeni ya sahani kwa heshima zote za ofisini. Kwa kuwa nchi ilishafunguliwa, akaenda mjini akanunua chujio la kisasa la plastiki, la kijani, lililotoka nchi za mbali. Lilipokutana na chai yake ya kwanza lilijikunja, likadondokea kikombeni. Akanunua la pinki, akiamini kasoro ilikuwa rangi. Lilipojikunja nalo akaleta kopo la boga la kizungu, ili chujio lirudi kwenye chai na mtoto naye aonje maendeleo. Maandishi yalikuwa ya lugha tusiyoijua na tarehe ilikuwa imekwanguliwa. Mama aliligeuza geuza, akalifungua, akampa kijiko.

"Anza wewe, Baba Limi," alisema, akimwita kwa jina langu.

Baba akaonja, akaonja tena, na kopo likaisha. Alikesha na tumbo, lakini mpaka leo anasema ni maharage.

Halafu akaja bibi, mama yake baba, kutoka Sengerema. Alivuka kwa kivuko, akabadilisha gari Usagara, akafika kwetu na kuku, mfuko wa viazi vitamu na hasira zote za barabarani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akimtafuta Deus kwa macho. Mama alimpigia magoti, akamkaribisha, akamwekea chai. Yenye majani.

Bibi alikitazama kikombe, kisha akamtazama mwanawe. "Nimevuka maji yote yale kuja kulishwa majani kama mbuzi?"

Kwetu mama mkwe hapewi chai ya namna hiyo. Mwanamke angeweza kurudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko lile, na baba alilijua hilo. Aliinuka, akanyoosha mkono kuelekea kwenye msumari.

"Hilo ni la mtoto," mama alisema.

"Mama Limi, ni leo tu. Utaliosha."

"Hilo ni la mtoto."

Bibi akacheka kicheko kibaya. Alisema yeye watoto wake wote amewalea kwa kuwatafunia viazi kwa meno yake mwenyewe, na mmoja wao si huyo hapo amevaa tai. Akaomba mfuko wake, awahi kivuko cha jioni. Baba alibaki amesimama katikati, mkono uko hewani. Niliogopa sana, kwa sababu ilionekana lazima mmoja wao aondoke, na mwenye nyumba hakuwa mama.

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Hakupandisha sauti.

"Mama, siku ile uliyemwosha Kabula ni wewe. Mimi nilishindwa. Huyu sitaki umwoshe."

Tangu msiba hatukuwahi kumsikia akilitaja jina lile. Baba akashusha mkono. Bibi akajifuta uso kwa pembe ya khanga, halafu akakishika kikombe na kunywa chai yote. Majani yaliyobaki mdomoni aliyatafuna na kuyameza.

"Haya, mayu," akasema, kwa neno letu sisi Wasukuma la kumheshimu mwanamke. "Nioneshe unavyolitumia."

Hakuondoka na kivuko cha jioni ile, wala cha kesho yake. Alikaa mpaka mavuno, na alilinda lile chujio kuliko mama. Aliyeingia jikoni bila kunawa alikutana na mwiko. Jirani alipokuja kuliazima alielezwa kwamba majani ya chai ni dawa ya macho, akarudi kwake akiwa ameridhika. Deus alipata mafua na homa kama mtoto mwingine yeyote, lakini kile kipindi kilichomchukua Kabula kilipita na yeye yupo, amekaa mkekani, uso wote umepakwa boga.

Leo Deus ni bwana mkubwa mwenye kitambi, na mtoto wake ndiyo kwanza anaanza kula. Juzi alitualika, mama na mimi, tukaone mambo yanavyofanyika kitaalamu. Ana mashine inayopika kwa mvuke, inasaga, halafu inapiga mluzi ikimaliza, nadhani ili ipongezwe. Ana vifuko vya boga lililosafiri kwa ndege, wakati nje ya geti lake kuna mwanamke anayesinzia nyuma ya rundo la maboga. Mtoto hafungui mdomo mpaka simu iegemezwe kwenye chupa ya chai imwimbie. Nyumba ni safi, vyombo vinang'aa, siwezi kusema uongo. Ila nilikumbuka jiko letu dogo, watu wazima watatu wakigombania chujio moja, na nikaona uchungu kwamba mtoto huyu analishwa vizuri namna ile na hakuna anayemtazama usoni.

"Mama, siku hizi hii ni sayansi," Deus alieleza, akibonyeza vitufe. "Siyo kama zamani mlivyokuwa mnatupa chochote. Sisi tulikua tu."

Nikafungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, akamjibu mwanawe kwa upole, "Ni kweli, baba."

Tulipokuwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini amemwacha aseme maneno yale, mtu ambaye kila kijiko chake kilipiganiwa.

"Mwache anibishie, Limi," alisema. "Kabula hakufika umri wa kunibishia."