Jumapili Kibanda cha Mwanvita Kilipojaa

Kama hujawahi kukaa kwenye kibanda umiza cha Mwanvita pale Bigwa, hujui maana ya kubanwa. Bati linachoma juu, mabenchi hayana pa kuegemea, runinga mbili zimefungwa ukutani, na ukitoka kujisaidia unarudi unakuta mtu keshakalia nafasi yako na hakujui. Watu wanalipa kiingilio waumie kwa hiari yao, yote kwa sababu ya mpira. Bila mpira, hata nzi hawaingii.

Mimi ni jirani yake, nakaanga mihogo pale mlangoni, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko inavyonipasa.

Mwanvita mwenyewe si mtu wa mpira. Mpira ulikuwa wa mumewe, Pazi, kipa wa zamani mwenye viganja kama sinia. Ndiye aliyekijenga kibanda, na ndiye aliyefuatwa na Alois, katekista wa Mlali, alipokuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza. Hadithi yenyewe ilikuwa ya timu ya parokia ya Mlali inayocheza na mafundi reli wa Kisaki, na kipa mmoja asiyeacha kusali. Tatizo ni kwamba vijana wote wa parokia hawakujua kudaka hata embe. Pazi, Mwislamu asiyekosa swala, akakubali kwenda kuwadakia Wakatoliki. Sharti lake lilikuwa moja: hapigi ishara ya msalaba.

"Basi omba unavyojua mwenyewe, Mzee Pazi," Alois akamwambia. "Kamera haina dini."

Filamu ilichelewa kumalizika, kama mambo yote ya kuchangishana. Presha ikamchukua Pazi kabla hajaiona. Mwanvita alipotoka eda alikuwa na haja moja tu duniani: watu wajae kwenye yale mabenchi wamtazame Pazi wake akidaka. Wala hakuificha.

"Jirani," aliniambia, "walimzika harakaharaka, ndiyo dini yetu. Sasa nataka wamwone taratibu."

Alois akaleta filamu kwenye flashi siku ya Ijumaa. Mwanvita akaandika jina la filamu kwa chaki kwenye ubao wa nje: KIPA WA PAROKIA. Hakuja mtu. Jumamosi tulikuwa mimi, yeye, na mbuzi wa jirani yetu Twalibu aliyekuwa akikimbia jua. Waislamu walisoma neno parokia wakapita zao. Wakatoliki nao walikuwa na hesabu yao. Nilimsimamisha Winfrida wa kwaya nikamwomba aingie, akanicheka.

"Mahubiri nayapata kanisani, dada. Niyalipie tena kiingilio?"

Jioni ile Alois alikuja amenywea. "Dada Mwanvita, kesho kukiwa hivi hivi naichukua nikaiweke kabatini. Naona vibaya marehemu anadakia mabenchi matupu."

Mwanvita alikuwa anafuta benchi ambalo halikuwa na vumbi, na roho iliniuma kumtazama.

Jumapili ligi ilikuwa imesimama, mashabiki wana kiu. Mwanvita akafuta ubao, akaandika kama ubao ule ulivyozoea kuandikwa: LEO SAA KUMI, MLALI v/s KISAKI. Mpaka leo anaapa hakuwa na hila, eti ubao wa kibanda ni wa kuandika timu. Mimi sisemi kitu. Mwanamke aliyeishi na kipa miaka yote ile hawezi kukosa ujanja.

Ilikuwa kama kumwaga mtama mbele ya kuku. Tangu lini Kisaki ikaonyeshwa kwenye runinga! Watu wa Kisaki wanaoishi mjini wakapigiana simu. Wakulima walioshuka na kabichi kutoka milimani upande wa Mlali wakaacha matenga kwangu, wakaingia kuwashangilia Mlali. Mwinjuma, dereva wa bodaboda mzaliwa wa Kisaki, alikuja na vuvuzela. Mihogo yangu iliisha kabla hata kipyenga hakijapigwa.

Kwanza ikatokea kwaya. "Mashabiki wa Mlali wamejipanga!" mtu akasema. Akatokea padri akiwabariki wachezaji. "Hao wanakaguliwa," akaeleza mwingine kwa uhakika wote. Mpira ukaanza. Kila picha ilipokwenda polepole walinyamaza kwa adabu, wakiamini ni marudio. Nilikuwa nimeng'ata khanga nisicheke kwa sauti.

Halafu ikaja penalti ya Kisaki. Pazi akasimama golini, akafungua viganja vyake kifuani, midomo ikicheza. Kibanda kizima kikatulia. Kutoka benchi la nyuma mzee mmoja akasema, "Amina," na wengine wakaitikia, wa msikitini na wa kanisani, hata wa Kisaki mmoja aliyejisahau. Pazi akaruka. Mpira ukanasa mikononi mwake.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Benchi moja lilivunjika na waliokuwa wamelikalia hawakujua. "Kipa! Kipa! Kipa!" Mwanvita alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mimi nililia bila haya.

Majina yalipoanza kupita kwenye runinga ndipo walipogundua. "Kumbe sinema!" Wachache walinuna wakidai kiingilio chao, wenzao wakawazomea: wewe si ndiye uliyekuwa unamtukana refa? Nje, Alois alikuwa anakumbatia kila aliyetoka, hata mbuzi wa Twalibu nusura akumbatiwe.

Mwinjuma alitoka mwisho, vuvuzela kwapani. Akasimama mbele ya Mwanvita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sinema au si sinema, tumeshindwa na mtu mmoja. Yule kipa wamemtoa wapi?"

"Wa hapahapa Bigwa," akasema Mwanvita. "Ni mume wangu."

Nikainamisha macho kwenye karai langu.

"Hongera, mama! Basi mwambie Kisaki tunataka marudiano. Jumapili ijayo tunakuja wote, na yeye asikose."

Mwanvita machozi yalikuwa yanamtoka na meno yote yako nje.

"Hatakosa," akasema.